Kiti cha Mtoto Garini na Habari za Kasoro Zake

Mzazi wa Shinyanga, Kahama, Katoro au Geita ambaye amejaaliwa kununua gari dogo lililotumika Japani, na ambaye kwa mapenzi ya mwanawe amejinyima mengi hata akapata na kiti cha mtoto cha kufunga ndani yake, hakosi siku moja kuletewa kwenye simu habari ya kwamba viti vya kampuni fulani vimeonekana kuwa na kasoro na vinarejeshwa kiwandani huko Marekani au Ulaya; na habari hiyo, maadamu imekuja pasipo maelezo, humwacha hajui kama akitupe kiti alichokipata kwa taabu au aipuuze habari yenyewe na kuendelea na safari zake huku moyo hautulii. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Nataraji kumwonyesha kwamba ziko kasoro zinazostahili kumkosesha mtu usingizi, ziko zinazoondoka kwa kitambaa na maji, na ziko ambazo hazikuwako kabisa ila katika maandishi ya waliozitangaza. Na kwamba kasoro kubwa kupita zote katika mikoa yetu hii aghalabu haimo katika tangazo lolote, bali imo katika namna kiti kilivyofungwa, au katika maisha ambayo kiti kilipitia kabla ya kufika mikononi mwetu.

Kabla ya kuipima habari yoyote, yafaa ujue kwanza kiti hufanya kazi gani. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa na vibao vya makazi katika njia yote ya kutoka Tinde kupita Isaka na Kahama, likigonga kitu kisichosogea husimama kwa muda wa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, ilhali waliomo ndani yake wanaendelea kwenda kwa mwendo ule ule mpaka wakute cha kuwazuia. Kwa muda huo mfupi mtoto wa kilo 10 huwa na uzito wa kama kilo 140 katika mikono ya mama aliyempakata, na hakuna mama, hata awe amezoea kujitwika gunia la mpunga, awezaye kuuzuia uzito huo; mtoto humtoka, na ikiwa mama mwenyewe hakufunga mkanda, humwangukia mwanawe kwa mwili wake mzima. Kiti huupokea uzito ule na kuugawa mabegani, kiunoni na mgongoni mwa mtoto, mahali ambapo mifupa inaweza kuustahimili. Idara ya usalama barabarani ya Marekani imekadiria kwamba kiti kilichotumika sawasawa katika gari dogo hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 71 kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na kwa asilimia 54 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 4. Zishike tarakimu hizi mbili, kwa sababu kila habari ya kasoro utakayoletewa haina budi kupimwa dhidi yake: je, kasoro hii inaondoa faida hiyo, inaipunguza, au haiigusi?

Majaribio yenyewe ya viwandani hufanywa kwa mwendo wa karibu na huo huo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 44, ambayo viti vingi vya Ulaya vilivyomo katika mitumba yetu vilitengenezwa chini yake, hukijaribu kiti kwa mgongano wa mbele wa kilomita 50 kwa saa, na ile ya Marekani kwa kilomita 48. Sasa nguvu ya mgongano haiongezeki kwa kadiri ya mwendo tu, bali mwendo ukizidi mara mbili nguvu huzidi mara nne. Kwa hiyo dereva anayekwenda kilomita 100 kwa saa kati ya Isaka na Kahama, akiyapita malori ya Kigali na Bujumbura, amekibebesha kiti cha mwanawe mara nne ya mzigo ambao mtengenezaji alikidhamini, na kiti hicho hata kiwe kipya, kisicho na kasoro hata moja, hakikuahidi kuyaweza hayo. Ukitaka kuanza na hofu moja, anza na hiyo, kwa maana iko chini ya mguu wako wa kulia.

Nitaeleza visa vitatu vya kweli, vyote vya Marekani ambako habari nyingi za namna hii hutoka.

Mwezi wa Januari 2007 jarida la Consumer Reports, ambalo wazazi wa huko huliamini sana kwa kuwa halichukui matangazo ya wafanyabiashara, lilichapisha matokeo ya majaribio ya viti 12 vya watoto wachanga, likasema kwamba vingi kati ya hivyo vilishindwa vibaya, na majaribio ya ubavuni likasema yalifanywa kwa mwendo wa kama kilomita 60 kwa saa. Wazazi wakafadhaika. Idara ya usalama barabarani ilipoyachunguza majaribio yale ikakuta kwamba migongano ya ubavuni ilikuwa na nguvu ya mwendo unaozidi kilomita 110 kwa saa, yaani karibu maradufu ya ule uliotajwa. Na kabla mwezi haujaisha jarida likaitangua taarifa yake. Nicole Nason, aliyekuwa akiiongoza idara hiyo wakati ule, alieleza hadharani kwamba kilichomsumbua ni kuwa taarifa imewatisha wazazi na ingeweza kuwakatisha tamaa ya kuvitumia viti vyao. Wala watu wa jarida hawakuwa waongo. Walikosea kipimo, wakakiri. Lakini mzazi aliyekivua kiti garini siku ile ya kwanza na kumpakata mwanawe kwa muda wa wiki mbili alikuwa ameikimbia hatari isiyokuwako akaingia katika ile iliyothibitishwa.

Kisa cha pili ni cha 2014, na hiki kwetu ni somo lenye manufaa kuliko yote. Kampuni ya Graco ilitangaza mwezi wa Februari kuvirejesha viti karibu milioni 3.8 vya watoto, na mwezi wa Julai ikaongeza vingine milioni 1.9 vya watoto wachanga, idadi ambayo haikupata kuonekana katika historia ya viti hivyo nchini humo. Msikiaji wa tarakimu hizo hudhani viti vilikuwa vikipasuka. Sivyo: kasoro ilikuwa katika kifungio cha katikati, kile chenye kitufe chekundu, ambacho kilipoingiwa na mabaki ya vyakula na vinywaji yakakauka ndani yake, kitufe kilikuwa kigumu kubonyea. Hatari yake ilikuwa kwamba gari likishika moto au likitumbukia majini, mzazi asingeweza kumwopoa mtoto kwa haraka. Ila katika mgongano kiti kiliendelea kumshika mtoto kama kilivyopasa. Dawa ikawa kifungio kipya, kilichotolewa bure, na kampuni mwaka 2015 ikatozwa faini ya dola milioni 10 kwa sababu ilichelewa kuitoa habari.

Fikiri sasa juu ya kifungio hicho kikiwa katika gari linalopita kila siku katika barabara ya changarawe ya Kakola au ya Nyarugusu wakati wa kiangazi, vumbi jekundu likiingia hata vioo vikiwa vimefungwa, na mtoto akiwa ameshika kikombe cha uji au juisi ya ukwaju. Kasoro iliyowachukua Wamarekani miaka kuigundua sisi twaweza kuizaa kwa msimu mmoja, katika kiti cha kampuni yoyote ile. Kwa hiyo kila mwisho wa juma bonyeza kitufe ukiwa umekifunga kifungio, usikilize: kikifungwa hulia kwa mlio mmoja mkavu, na kikifunguliwa ndimi zake huruka zenyewe. Ukiona mlio umekuwa mzito, au ulimi mmoja unabaki ndani mpaka uuvute, usikitie mafuta ya cherehani wala ya breki, kwa sababu mafuta huyakusanya mavumbi yakawa tope. Kipitishe mkanda wake nje kwa chini kama kitabu cha kiti kinavyoelekeza, kisukesuke ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu huku ukibonyeza, kikaushe kivulini, ukijaribu tena. Mikanda nayo ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni ya kuogea. Isilowekwe katika Jiki wala sabuni kali ya unga, isipigwe pasi, kwa kuwa nyuzi zake hudhoofika kwa ndani na kwa nje zikabaki kung'aa kama mpya.

Kisa cha tatu ni cha 2020. Waandishi wa ProPublica walifichua mwezi wa Februari kwamba kampuni ya Evenflo, iliyokuwa ikiuza kiti cha kuinulia mtoto kiitwacho Big Kid, ilikinadi kuwa kimejaribiwa kwa mgongano wa ubavuni, ilhali katika picha za majaribio yake yenyewe sanamu za watoto zilionekana zikirushwa nje ya mkanda wa bega. Na kwamba kiti hicho kiliruhusiwa kwa watoto wa kilo chini ya 14, na hali wataalamu walikwisha kushauri kungojea mpaka kilo 18 hivi. Kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo ikalifuatia jambo hilo na kutoa ripoti yake mwezi wa Desemba. Hapo habari ilikuwa ya kweli na ya kutia hofu. Lakini tazama dawa yake: mtoto mdogo asihamishwe mapema kutoka kiti chenye mikanda yake mwenyewe kwenda kiti cha kumwinulia tu afungwe na mkanda wa gari. Katika magari yetu mtoto wa miaka mitatu hukalishwa juu ya kiti cha kuinulia, au juu ya mto wa kitanda, kwa hoja kwamba amekuwa mkubwa, na mkanda wa gari humpita shingoni badala ya begani. Na kosa hilo halingojei kampuni yoyote kulitangaza.

Katika visa hivi hutoka maswali ya kuiuliza kila habari inapofika. Uliza kwanza ni kiti kipi hasa, kwa nambari yake ya toleo na tarehe ya kutengenezwa, kwa maana jina la kampuni peke yake halitoshi. Kampuni moja hutoa viti vya namna nyingi, na aghalabu kasoro ni ya miezi michache ya kazi. Uliza pili kasoro imo katika kiungo gani: ikiwa ni mikanda kukatika, gamba kupasuka, kifungio kujifungua chenyewe au kiti kuchomoka katika kitako chake, hiyo ni kasoro inayofika rohoni mwa kiti, ikiwa ni kibandiko kilichokosewa maneno, povu ambalo mtoto anaweza kulitafuna, au kitambaa kisichotimiza sharti la moto, hiyo ni kasoro ya kurekebishwa bila ya kumtoa mtoto kitini. Kisha uliza mtengenezaji mwenyewe anasema nini kuhusu kuendelea kukitumia hadi kirekebishwe, kwa sababu mara nyingi husema kiendelee kutumika, na penye hatari ya kweli husema waziwazi kisitumike tena.

Wala usingoje kuandikiwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilitungwa pasipo kumtaja mtoto na kiti chake, na kiti kilichokuja kwa mtumba hakina jina lako katika daftari la kampuni yoyote, hivyo hakuna atakayekutafuta Lubaga wala Nyankumbu kukupa habari. Kipige picha kibandiko cha kiti uihifadhi katika simu. Halafu mara moja moja itafute nambari hiyo katika tovuti ya mtengenezaji na ya idara za usalama za nchi ilikotoka.

Hapa nifikie jambo ambalo kwa rai yangu lina uzito kuliko matangazo yote, nalo ni kiti cha mtumba chenyewe. Nilipata kushika mikononi kiti kimoja kilichokuwa kikiuzwa Kahama pamoja na baiskeli za watoto na magodoro, kitambaa chake kimefuliwa kikanukia, na muuzaji, ambaye sina sababu ya kumdhania ubaya, akinihakikishia kuwa ni kizima. Nilipokivua kitambaa nikaona kwamba povu gumu jeupe linaloukinga upande wa kichwa lilikuwa limevunjika vipande viwili na kushikizwa kwa gundi ya karatasi, na katika njia ambayo mkanda wa gari hupita, plastiki nyeusi ilikuwa imegeuka weupe kwa mistari myembamba iliyoenda upande mmoja. Weupe huo ni alama ya plastiki iliyovutwa kupita kiasi. Kiti kile, kwa kila dalili, kilikwisha kumshika mtoto katika ajali moja, na kilichokwisha kufanya kazi hiyo mara moja hakifai kupewa tena.

Basi usinunue kiti kabla ya kukivua nguo. Kitazame mchana, nje ya duka. Gamba lipapase kwa vidole ndani na nje, ukitafuta ufa, weupe wa mistari, na misumari iliyoongezwa na fundi. Mikanda ivute yote mpaka mwisho wake, utazame kama pana uzi uliochomoza, sehemu iliyoungwa kwa cherehani ya mtaani, au sehemu iliyopauka kwa jua na kuwa ngumu. Kigeuze utafute kibandiko: kiti cha Ulaya huwa na kibandiko, aghalabu cha rangi ya chungwa, chenye herufi E ndani ya duara, na nambari ya kanuni ambayo kwa viti vya zamani ni R44 ikifuatiwa na 03 au 04, na kwa vipya ni R129, cha Marekani huwa na maneno yanayotaja kiwango cha shirikisho nambari 213, pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Chenye 44/03 au chini yake ni cha zamani mno, kiache. Tarehe nayo ni muhimu, kwa kuwa watengenezaji wengi hukipa kiti maisha ya kati ya miaka 6 na 10, na hesabu yao haikufanywa kwa gari linaloanikwa juani Mwadui kuanzia asubuhi hadi alasiri. Kiti kisicho na kibandiko chochote usikinunue hata upewe kwa bei ya kikapu.

Iko pia aina ya kiti kisicho na gamba, ambacho ni kitambaa chenye sponji na mikanda, kinachokunjika kama mkoba na kuuzwa kwa bei nafuu madukani na mitandaoni. Maafisa wa biashara wa jimbo la Surrey huko Uingereza walikijaribu cha namna hiyo mwaka 2014 kwa mwendo wa kilomita 48 kwa saa. Mikanda ikaachia na sanamu ya mtoto ikatupwa mbele. Hicho si kiti chenye kasoro, bali ni kasoro iliyopewa umbo la kiti, nami nakusihi usikiingize garini mwako.

Ukipata kiti kizuri, kazi kubwa inabaki katika kukifunga. Uchunguzi uliotolewa na idara ile ile ya Marekani mwaka 2015 ulikuta kwamba asilimia 46 ya viti vilikuwa vimefungwa au vinatumika kwa namna inayopunguza faida yake, na hiyo ni nchi yenye vituo vya kuwafundisha wazazi. Kwetu, ambako kitabu cha maelezo aghalabu kilibaki nchi kiti kilikotoka, sioni kwa nini tuwe bora zaidi. Anza na gari lenyewe. Magari mengi yafikapo hushonewa kava mpya za viti, na fundi wa kava, kwa kutaka kazi ipendeze, huvisukumia vifungio vya mikanda ya nyuma chini ya kalio la kiti. Navyo hukaa humo miaka, vikila mchanga. Vichomoe, uvisafishe, ujaribu kila mkanda kwa kuuvuta ghafula kama utajifunga. Magari yaliyotengenezwa Japani baada ya 2012 huwa na vyuma viwili vya kiwango cha ISOFIX katika mwanya wa kiti cha nyuma, na kiti chenye mikono ya kuvidaka hufungwa kwa urahisi. Yale ya kabla yake, na hayo ndiyo mengi barabarani kwetu, yaweza kuwa hayana, lakini mkanda wa kawaida uliofungwa vizuri unatosha.

Kiti kifungwe nyuma. Weka goti lako ndani yake, ukilalie kwa uzito wako, huku mkono mmoja ukiuvuta mkanda uliopita katika njia yake mpaka ukaze. Kisha kishike pale pale mkanda unapopita, ukitikise kushoto na kulia: kikisogea zaidi ya sentimita 2 na nusu, hakijafungwa. Mtoto mchanga, na mtoto wa mwaka mmoja, na hata wa miaka miwili maadamu kiti chake kinamruhusu, atazame nyuma ya gari, kwa sababu kichwa chake ni kizito na shingo yake ni changa, na akitazama nyuma mgongano wa mbele humsukuma ndani ya kiti chake na kuikinga shingo yake. Mikanda ya kiti ikaze mabegani hata usiweze kuifinya kwa vidole viwili ukapata kunjo. Asubuhi za Juni na Julai, baridi inapokuwa kali, usimfunge mtoto akiwa ndani ya blanketi au koti nene, kwa maana siku ya ajali unene huo hunywea na mikanda ikawa imelegea. Mfunge kwanza akiwa na nguo nyepesi, kisha umfunike blanketi juu ya mikanda. Na kiti kikiwa kimekaa juani kifunike kanga, la sivyo vyuma vya kifungio vitamuunguza mtoto mapajani, naye akilia utashawishika kumtoa umpakate.

Usimweke kamwe mtoto anayetazama nyuma katika kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa, ule ambao mafundi huuita eabegi, maana hufura kwa kasi kubwa na kukipiga kiti mgongoni, mahali penye kichwa cha mtoto. Na hapo pana kasoro iliyotangazwa ambayo nakutaka uihofu kweli, ingawa haihusu kiti. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani ilijazwa kemikali ambayo ikikaa miaka katika joto na unyevu huharibika, na siku ya mgongano hulipuka badala ya kufura, ikirusha vipande vya chuma. Watu wameuawa na vipande hivyo, magari ya mamilioni yakarejeshwa ulimwenguni, na kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Magari ya Japani ya miaka ya 2000 na baada yake kidogo, ambayo ndiyo hayo hayo tunayoyaona Geita na Shinyanga, yamo katika orodha za matangazo hayo, na gari lililotoka Japani kabla ya kurekebishwa halikuacha kasoro yake bandarini. Ichukue nambari ya chasisi kutoka kwenye kadi ya gari, uiingize katika ukurasa wa matangazo wa mtengenezaji wa gari lako, au umpelekee wakala wake akutazamie. Ikitokea kwamba gari lako limo, usimruhusu fundi wa kichochoroni auguse mfuko huo, na mpaka utengenezwe pasiwe na mtu mbele ila dereva.

Wengi wa wasomaji hawana gari, na husafiri na watoto kwa Hiace, kwa Noah au kwa michomoko, zile Probox na IST zinazosubiri abiria Katoro, Buseresere na Runzewe mpaka zijae kupita kiasi. Sitawaambia wabebe kiti begani. Walakini yako machache yanayowezekana: chukua nafasi ya nyuma, wala usikubali kukaa mbele ukiwa umempakata mtoto, hata dereva akikusifia upepo, ukipata nafasi yenye mkanda, jifunge wewe peke yako, mtoto akiwa nje ya mkanda wako, kwa sababu mkanda mmoja uliowazunguka wawili humfanya mtoto kuwa mto wa kukupokea wewe, na mtoto aliyetimiza umri wa kukaa peke yake mlipie nafasi yake na umfunge. Ikiwa gari ni lako au umelikodi pamoja na jirani kwenda hospitali ya rufaa, kiti cha kuazima kinafaa, mradi unamjua mwenyewe na waweza kumwuliza kama kimewahi kupata ajali. Wafanyakazi wa migodini huzoezwa kufunga mkanda kabla gari halijawashwa, na naona huzuni kuona nidhamu hiyo ikiishia getini, baba aliyejifunga mchana kutwa kwa amri ya kazi akimbeba mwanawe jioni juu ya tangi la pikipiki.

Ikiwa baada ya uchunguzi wote umeyakinisha kwamba kiti chako ni kibovu, na huna kingine, basi ahirisha safari inayoweza kuahirishwa. Isiyoahirishika iende polepole, mtoto akiwa nyuma, amefungwa kwa mkanda wa gari ikiwa kimo chake kinaukubali. Kiti chenye kasoro ndogo, ya kitambaa au ya kibandiko, kiendelee kutumika hadi upate kingine. Kile cha gamba lililopasuka au mikanda iliyodhoofika usikipe jirani wala usikiuze, na usikiweke tu jalalani, kwa kuwa mijini mwetu kitu kinachoonekana kizima hakilali jalalani usiku mmoja: kata mikanda yote kwa kisu karibu na gamba, bandua kibandiko, andika kwa rangi mgongoni mwake KIBOVU, ndipo ukitupe.